Wa Kumi na Saba

Mwezi wa sita, shule zikishafungwa,
shangazi Nyamizi hutuhesabu mara nne:
getini Kirumba, mlangoni pa bandari,
kwenye ngazi ya meli, na tukishakaa.
Hutugonga utosini kwa kidole chenye pete
kama anayechagua matikiti mnadani,
na ole wake ahamaye kiti kabla hajafikiwa.

Mwaka ule tulikuwa kumi na sita.
Watoto wa Igoma, watoto wa Nyegezi,
Kulwa bila Doto (Doto alibaki na surua),
rafiki zangu Edina na Fumbuka,
mjomba Lubango na redio ya betri nne,
bibi Nkamba pamoja na kigoda chake,
maana hakalii cha mtu.

Kwenye ngazi tukatoka kumi na saba.
Shangazi akarudia.
Kumi na saba.
"Afadhali kuzidi kuliko kupungua," akasema,
akafungua fundo la kanga, akaongeza nusu nauli,
akagawa matobolwa.

Alikuwa amekaa juu ya gunia la vitunguu,
shati la kijani, kifungo kimoja cha rangi nyingine.
Sisi tulijua ni wa upande wa mama.
Wa upande wa mama walijua ni wetu.
Mimi nilidhani ni mdogo wake Edina,
Edina alidhani ni binamu yangu.
Nani angeuliza? Unaanzaje
kumuuliza ndugu yako wewe ni nani?

Mwanza ikabaki nyuma na mawe yake,
yamepandana kama vyombo vya sherehe ya jana,
na nyumba zimeng'ang'ania katikati.
Upepo wa kiangazi ukatupiga midomo ikapasuka.
Fumbuka akatapika hadi Nansio ilipoonekana;
yule wa shati la kijani akamshikia kichwa.

Kule Bukindo tulilala mstari mmoja,
kichwa kwa miguu, miguu kwa kichwa.
Pengo la Doto alilala yeye,
na Kulwa, aliyekuwa hajawahi kulala bila pacha wake,
usiku ule hakulia.

Alijua kuparua sato bila kuchomwa na mapezi.
Alimenya chungwa, ganda likatoka utepe mmoja,
akalirudishia umbo, akampa bibi Nkamba
aliyelipokea, akalibonyeza, akacheka mpaka akakohoa.
Tulipokwenda kuogelea Rubya, chini ya misonobari,
alisimama majini yamfikapo kifuani,
akanyosha mikono yote miwili:
"Mwisho hapa. Mbele kuna shimo."
Tukamtii, hata mjomba Lubango.

Mpiga picha wa sokoni akatupanga kwa vimo.

Siku ya tano, safari ya kurudi.
Getini Bukindo, kumi na saba.
Mlangoni pa bandari, kumi na saba.
Kwenye ngazi, kumi na saba.
Tukishakaa, kumi na sita.

Shangazi akapiga ukelele, baharia akaacha kamba.
"Jina lake nani, nimwite?"
Tukatazamana.
"Si wa kwenu?"
"Wa kwetu? Wa kwenu!"
Mjomba Lubango akazima redio,
jambo ambalo hakulifanya hata msibani.

Ndipo Kulwa akanyosha kidole.
Kule gatini, kando ya mama mwenye beseni la dagaa,
shati la kijani, chungwa mkononi,
anatupungia bila haraka,
kama mwenyeji anavyosindikiza wageni.
"Kumbe nauli yake nimelipa mimi!" akasema shangazi,
na mpaka Mwanza hatukujua
kama alikuwa anacheka au la.

Picha ingali ukutani Kirumba.
Mgeni akiuliza, "Na huyu?"
kila mmoja hujibu, "Wa upande ule."
Isipokuwa Doto.
Doto, aliyekuwa kitandani na vipele vyake,
huapa kwamba huyo ni yeye.
Huonyesha kifungo. Hueleza lile shimo la Rubya,
kina chake, ubaridi wake.
Nasi tumechoka kumbishia.